Mstari Wenye Ncha Moja

Mliniacha juma lililopita nimesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, kifua mbele, nikingoja kupigiwa makofi. Hayakupigwa.

Kwa asiyesoma nitaeleza kwa ufupi. Aliyesoma anivumilie, maana mimi mwenyewe hadithi hii inanitia kichefuchefu kila ninapoirudia.

Mimi ni Protasi wa Kizuka. Nilirudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania na mvi zangu, nikaanza shule ya jioni katika umri ambao wenzangu wanaanza kuchagua mahali pa kuzikwa. Kwaya ya parokia yetu ilikuwa inagombana. Sauti ya kwanza haisalimiani na sauti ya pili, wanaume wanavutana mashati mlangoni mwa kanisa, na chanzo chake ni mapenzi ya kujificha. Mimi ndimi mwenyekiti wa komite ya nidhamu. Nikasema jambo hili nitalimaliza kwa elimu.

Shuleni tulikuwa tumefundishwa mchoro wa mtandao. Kila mtu ni nukta. Kila uhusiano ni mstari. Ukimaliza kuchora, nukta yenye mistari mingi inajionyesha yenyewe, kama kupe mgongoni mwa mbwa. Niliwaita wanaume wa kwaya nyumbani kwangu mmoja mmoja, nikawauliza kwa siri, nikachora. Katikati ya mchoro akatokea Dusabe. Wanaume saba, mistari saba, yote kwake.

Dusabe ni mwanakwaya, na anauza mawese sokoni Rumonge. Alikuwa karibu kuposwa na Melkiades, mwalimu wa Kigwena. Aliutazama ubao mbele ya kwaya nzima, akavua kitambaa cha kwaya shingoni, akakiweka juu ya kiti, akatoka. Siku ileile jamaa za Melkiades wakaleta ujumbe kwamba posa imesimama.

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa sikilizeni uchafu uliofuata.

Mmoja wa wanakwaya alikuwa ameupiga ubao picha. Sijui nani, na sitaki kujua, maana nikijua nitamchora. Nilipofika sokoni Rumonge, Hamidou, fundi wa mashine za boti, aliniita kwa mkono wenye mafuta. Mkono wa pili ulikuwa na simu.

"Mzee mwenzangu, njoo unifundishe. Huyu wa pembeni ndiye yule mpiga ngoma wenu mwenye pengo?"

"Futa hiyo picha, Hamidou."

"Nifute mimi, na Rumonge nzima je? Wauza ndagala wanayo. Makondakta wa Bujumbura wanayo. Wallahi, umevuta nyaya nyumba kwa nyumba kuliko watu wa umeme, lakini taa haijawaka hata moja."

Wenye meza za ndagala, dagaa wa ziwani, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Hii ni elimu," nikamwambia.

"Elimu! Kwetu ukitaka kumtupia mwanamke neno kama hilo unaleta mashahidi wanne, na bado mizani inatetemeka. Nyinyi mnaleta chaki." Akaonyesha kwa kidevu. "Haya, nenda kaitazame elimu yako pale."

Nikatazama.

Dusabe alikuwa mezani kwake, anamimina mawese kwenye chupa. Kijana mmoja nisiyemjua alikuwa ameegemea bidoni zake za mawese kama ameegemea kitanda.

"Dusabe, mimi iko nafasi ya nane?"

Dusabe akaendelea kumimina.

"Wenzangu saba walipata bure. Kwangu iko bei gani?"

Mwenzake akacheka kwa pua. Dusabe akafunga chupa, akachukua nyingine. Mama mmoja aliyekuwa anakuja na kikapu aliona vijana wale, akamwona na Dusabe, akapinda akaenda kununua kwenye meza ya mbali. Nilimwona akipinda. Ndivyo mtu anavyokwepa maji machafu njiani.

Nikawafukuza vijana kwa fimbo yangu. Walikwenda bila haraka.

"Binti, amahoro," nikamsalimu.

"Mzee, unanunua?"

"Hapana, mimi nilitaka tu…"

"Basi wapishe wanaonunua."

Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Nilirudi Kizuka na hasira ya kutema mate. Watu wa mji huu ni wachafu, nilijiambia. Mtu akiwapa kioo wajitazame, wao wanakilamba. Na mimi kosa langu liko wapi? Mimi nilichora tu waliyosema.

Hayo ndiyo niliyomwambia mke wangu, Clotilda. Alikuwa anachagua mawe kwenye maharagwe.

"Mama Anita, watu ni wachafu."

"Ndiyo."

"Mimi nilichora tu waliyosema."

Akaokota jiwe, akalitupa nje. "Baba Anita, chakula kiko mezani. Kula."

Tangu nianze shule ya jioni alikuwa ananiita "mwalimu," nusu kwa utani, nusu kwa heshima. Siku hizo neno hilo lilikuwa limemtoka kinywani kabisa. Sikuuliza kwa nini. Mwanamume mwenye akili anajua maswali ya kutomwuliza mkewe.

Nikaenda kutafuta heshima yangu mahali nilipoipatia. Fabiola, anayetufundisha jioni, ana umri wa mjukuu wangu, lakini mimi namwita mwalimu mbele ya watu na nyuma yao. Nilifika kabla ya vipindi, nikamwonyesha picha ya mchoro. Akaichukua simu, akaikuza picha kwa vidole.

"Umechora vizuri, mzee. Nukta zako ni safi."

Nikakohoa kidogo.

"Mistari hii ya Dusabe nani alikupa?"

"Wanaume wenyewe, kwa vinywa vyao."

"Na Dusabe alisemaje?"

"Dusabe? Dusabe ndiye mshtakiwa."

"Mzee Protasi, mstari una ncha mbili. Wewe umeuliza ncha moja." Akaweka simu mezani. "Mimi nikisema sasa hivi kwamba wewe ni mchumba wangu, utachora?"

"Lo! Mwalimu! Mimi nina mke!"

"Umeona? Ncha ya pili imekataa."

Wanafunzi wawili waliokuwa wanapanga viti waliinamisha vichwa. Walikuwa wanacheka.

"Lakini mwalimu," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imepanda, "mwanamume gani ana mke na watoto, halafu anajipaka matope ya uongo mwenyewe?"

"Hilo usiniulize mimi. Nenda ukawaulize wanaofua nguo zao."

Nilitoka nimekasirika. Nimezaa, nimejenga, nimevuka mpaka mara mbili na godoro kichwani, halafu msichana ananifundisha maana ya ncha! Hasira hiyo ilinifikisha mpaka barabarani. Pale barabarani iliniacha, nikabaki na swali.

Benita ni mke wa mmoja wa wale saba, yule wa sauti nzito. Nilimkuta kwenye mtambo wa mawese, anamwaga ngazi zilizochemshwa, yale matunda ya mchikichi, mikono myekundu mpaka viwikoni.

"Eh! Mzee Protasi. Umekuja kunichora na mimi?"

"Nimekuja kuuliza, mama. Mume wako na Dusabe. Ni kweli?"

Akanitazama kama anapima kama nitastahimili.

"Siku ile alirudi kutoka kwako anacheka. Nikamwuliza, wewe na Dusabe, lini? Akasema, wapi! Ilibidi nitaje mutu. Nikitaja wa kweli, kaka zake watakuja kunivunja miguu. Dusabe hana kaka."

"Alisema hivyo?"

"Akila ugali wangu. Akaomba na mchuzi mwingine."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Nikampa mchuzi. Ulitaka nimpe nini, sumu?" Akafuta jasho kwa bega. "Na wale wengine ni vilevile. Ulifikiri wanaume saba wanaweza kugawana mwanamke mmoja Kizuka hii bila sisi kusikia? Mbuzi akipotea hapa tunajua kabla hajafika mtoni."

"Sasa huyo wa kweli ni nani?"

Naapa, lilinitoka lenyewe. Na kidole changu kilikuwa tayari kinachora hewani.

Benita akaweka chini karai lake.

"Toka hapa, mzee. Toka kabla sijakumwagia hii."

Nilitoka.

Njiani nilisimama katikati ya michikichi. Sasa niliuona mchoro wangu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimetafuta mwanamke mwenye wapenzi wengi. Nilichokipata ni mwanamke asiye na watetezi. Baba yake na mama yake wamezikwa Kigoma, ndugu wa kiume hakuwahi kuwa naye, mjomba hana. Kila mwanamume aliyekuwa na uchafu wa kuficha alitafuta mahali pa kuutupa, na wote walichagua ua usio na mbwa.

Nikatuma ujumbe Kigwena siku hiyohiyo: nitakuja mwenyewe, mbele ya wazee wenu, kuyafuta niliyoyachora. Wao wakajibu kwamba watanisikiliza, na Dusabe ataitwa.

Clotilda aliposikia, alisema neno moja tu: "Nitakwenda na wewe."

Lakini kabla ya safari akaja Nestori.

Nestori ni mtoto wa dada yangu. Ndiye anayeongoza kwaya, mwenye sauti ya kuwafanya wajane walie. Ana mke mchanga mwenye mimba, na baba mkwe mkubwa katika baraza la parokia. Kati ya wale saba, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia kwangu. Aliegesha pikipiki, akaja kukaa bila kukaribishwa.

"Mjomba, amahoro. Nasikia munaenda Kigwena." Huniambia "nyinyi" kwa heshima.

"Ninakwenda. Nestori, nitazame. Wewe na Dusabe mlikuwa na nini?"

Akacheka.

"Mjomba nawe! Nilikwenda kumugongea mlango siku moja. Akanimwagia maji ya kuoshea vyombo, mpaka na shati la misa. Hiyo si uhusiano?"

"Unacheka?"

"Sasa nilie?"

Nilimtazama yule kijana niliyembeba mgongoni akiwa na surua, nikaona kinyaa cha kumtazama. Alikuwa amekataliwa, na kwa sababu amekataliwa akaja kwangu kulipiza kwa chaki yangu.

"Kesho nitasema mbele ya wazee kwamba mlidanganya. Wote."

"Semeni, mjomba. Ni haki yenu." Akajinyoosha. "Mutasema vilevile jina tulilipata wapi?"

"Jina gani?"

"Ah, mjomba. Musijifanye."

Wasomaji wangu, hapa ndipo ninapolazimika kuwaeleza kitu nilichokiruka juma lililopita. Sikukisahau. Nilikiruka.

Nestori alipoingia kwangu siku ile ya maswali, alikaa kwenye kiti kilekile, akanyamaza. Nilimwuliza ana uhusiano na nani katika kwaya, akanyamaza. Mimi ni mtu wa kazi, sipendi kungoja. Nikamwambia hivi, kwa maneno yangu mwenyewe: "Usiogope, sema tu. Ni Dusabe, sivyo?"

Akanitazama kidogo. Akasema ndiyo.

Sasa alinikumbusha yote, na kila neno lilikuwa na tabasamu.

"Nilifikiri, kumbe kuna jina la bure! Nikatoka, nikawaambia wenzangu pale nje: mzee anataka Dusabe, mupeni Dusabe, atawaachilia mapema. Na nyinyi, mjomba, kila aliyeingia mulimuuliza vilevile. 'Na wewe pia ni Dusabe?' Pia! Wangesema nini?"

"Nyamaza."

"Mimi nanyamaza. Ndiyo nimekuja kusema tunyamaze. Nyinyi museme tulikuwa tunatania, mimi nitakubali tulikuwa tunatania. Wazee watacheka, Dusabe ataolewa, mwisho. Jina lilitoka wapi, nani atauliza?"

Mtaniuliza kwa nini nililitaja jina lile. Nimelitafuta jibu kwa uaminifu. Dusabe anaishi peke yake, na anacheka kwa sauti. Sina sababu nyingine. Nilikuwa nimekwisha kumchora kichwani kabla sijachukua chaki. Wale wanaume walinipa tu kile nilichokuwa nikikitaka.

Nilipaswa kumfukuza Nestori kwa fimbo ileile niliyowafukuzia vijana wa sokoni. Sikumfukuza. Nilimwambia ahakikishe pikipiki ina mafuta, kesho atatangulia Kigwena.

Alipoondoka nilimwona Clotilda mlangoni pa jikoni. Alikuwa na ndoo tupu mkononi. Akaenda kuchota maji.

Kigwena walitupokea vizuri mno. Hilo lilinitisha. Baba yake Melkiades ni mzee mwenye kauli ndogo, na watu wake walikuwa wamekaa safi, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Melkiades aliinamisha kichwa. Dusabe alikuja na jirani yake, bibi mmoja asiyesikia vizuri, maana hakuwa na mwingine wa kuja naye. Alikaa kwenye mkeka, nguo nadhifu, macho makavu.

"Mzee Protasi," baba yake Melkiades akasema, "sisi ni wakulima, hatujui michoro. Tuliona picha kwenye simu, tukaogopa. Umeomba kusema. Sema."

Nikasimama. Jamani, kusema najua. Nilisema kwa Kiswahili cha Tanzania kilichonyooka, nikatia na Kirundi cha wazee mahali pake. Niliwaeleza nukta ni nini na mstari ni nini. Nikawaambia kidole kimoja hakivunji chawa, na ncha moja haifanyi mstari. Nikawaambia niliwauliza wanaume tu, na wanaume wale walisema uongo, na mimi kama mtu wa elimu sioni aibu kurekebisha kazi yangu.

Nilipokaa, wazee wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema, "Huyu amesoma."

Ndiyo, nilifurahi. Mniwie radhi, nilifurahi hata pale.

"Huyu kijana," baba yake Melkiades akamgeukia Nestori, "naye alikuwa mmoja wao?"

Nestori akasimama kwa adabu kama anayeanzisha wimbo wa kuingilia. "Ilikuwa utani, mzee wangu. Utani wa vijana wa kwaya. Tunaomba radhi. Dusabe ni dada yetu."

Dada yetu! Na sauti ile tamu.

"Utani mbaya," mzee akasema.

"Mbaya sana, mzee. Ego, ndiyo."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu walioona mzigo unatua. Melkiades akainua kichwa.

"Mimi sikuwahi kuamini," akasema, akimtazama Dusabe.

"Lakini sokoni hukuja," Dusabe akamjibu.

Yule bibi jirani akauliza kwa sauti, "Amesema nini?" Hakuna aliyemwambia. Melkiades aliinamisha kichwa tena.

Baba yake akawahi kuokoa jambo. Akaamuru kibuyu cha pombe ya ndizi kiletwe na mrija wake, posa iendelee palepale, mambo yaishe. Watu wa Kigwena wanafanya hivi: msichana huonja kwanza, kisha humpa mrija mtu wa kwao atakayemsimamia. Huyo hunywa, halafu husema mbele ya wote, "Huyu ni damu yangu. Anayemgusa amenigusa mimi." Kuanzia hapo, lolote likimpata, yeye ndiye wa kujibu na yeye ndiye wa kudai. Kwa kawaida ni baba. Asipokuwepo baba, ni kaka au mjomba.

Dusabe akaonja. Akashika kibuyu, akainuka. Kila mtu alitazama upande wa yule bibi, maana hakukuwa na mwingine.

Akampita. Akaja mpaka kwangu, akapiga magoti.

Mnanung'unika? Wao pia walinung'unika. Halafu nikaona nyuso zao zinalainika. Mzee aliyekosea anafanywa baba. Ilikuwa inapendeza. Ilikuwa kama mwisho wa hadithi, na mimi ndiye niliyepewa sehemu nzuri kuliko wote. Nikanyoosha mkono kuchukua mrija.

Hakuuachia.

"Umeniozesha wanaume saba bila kuniuliza," akasema, polepole, kila mtu akisikia. "Leo nakuomba uniozeshe mmoja. Ni sawa. Lakini kabla hujanywa, mzee, nijibu kitu kimoja. Mmoja akidanganya, nitaelewa. Wawili, nitaelewa. Wote saba wametoka kwako na jina lilelile, langu. Walilitoa wapi?"

Nestori akakohoa.

"Binti yangu," nikasema, "hayo yamekwisha. Wamekubali ilikuwa utani."

"Nimesikia utani. Nimeuliza jina."

"Wazee wamekwisha…"

"Wazee hawakuuliza. Mimi ndiye ninayeuliza."

Baba yake Melkiades akasogea mbele kwenye kiti chake. Nilitazama mrija ule mbele ya mdomo wangu. Nikinywa nikiwa nimenyamaza, nitakuwa nimeapa kumlinda na uongo wangu ukiwa chini ya ulimi. Nikisema, yale maneno "huyu amesoma" yatazikwa Kigwena hii, na mimi pamoja nayo.

Niliinamisha macho. Nikasema, "Sikumbuki."

Dusabe akaurudisha mrija ndani ya kibuyu. Akaanza kuinuka, na kwa namna alivyoinuka nilijua kwamba haendi kumtafuta mtu mwingine. Anakwenda nyumbani kwake, posa imekufa, na safari hii nimeiua peke yangu.

"Mwanangu, ngoja."

Clotilda alikuwa amesimama upande wa wanawake. Akatembea katikati ya mkutano kama anavuka ua wake mwenyewe, akapiga magoti mbele ya Dusabe, macho yao yakalingana.

"Nipe mimi."

"Mama," baba yake Melkiades akasema kwa upole, "hilo si jambo la wanawake."

"Basi mwanamume wa kulifanya asimame."

Hakusimama mtu. Melkiades alitazama baba yake, baba yake akatazama mkeka. Dusabe alimtazama mke wangu usoni, akatazama mikono yake, akamwekea kibuyu mikononi.

Clotilda akanywa. Hakunywa kwa adabu ya kuonja. Alinywa kama mtu aliyetoka shambani. Akafuta midomo.

"Huyu ni damu yangu," akasema. "Anayemgusa amenigusa mimi."

Mzee mmoja akapiga fimbo chini, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

Ndipo aliponigeukia, bado magoti chini, kibuyu mikononi. Nimeishi na macho yale kambini na nje ya kambi, na sikuwahi kuyaona yakinitazama namna ile, kama anatazama kitu alichokikanyaga na anajiuliza amekikanyagia wapi.

"Baba Anita, siku ile nilikuwa nyuma ya mlango na maji ya wageni. Nilisikia ulivyowauliza, kuanzia wa kwanza. Nimekungoja useme mwenyewe. Nimekungoja nyumbani, nimekungoja njiani, nimekungoja hapa. Sasa sikungoji tena kama mke wako. Mwanangu amekuuliza swali. Simama umjibu."

"Mjomba, kaa chini!" Nestori akapiga kelele.

Nikasimama.